Praima za majani makavu ya Usambara: soma karatasi kwanza

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Tanga, nafanya shahada ya uzamili. Nimeruhusiwa kukata vipande vya majani kutoka karatasi 38 za hebariamu (mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi) za Saintpaulia, urujuani wa Afrika, zilizokusanywa Usambara Mashariki, Amboni na kando ya mto Sigi, nyingine zina zaidi ya miaka tisini. Nataka kuchora mti wa nasaba wa mimea hiyo. Nimeshauriwa nitumie praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoelekeza mahali pa kunakili) za jeni rbcL na matK kwa kuwa ndizo zinazokubalika duniani. Nimejaribu rbcL kwa karatasi 12. Mbili tu zimetoa bendi kwenye jeli, yaani mstari unaoonyesha kuwa DNA imenakiliwa, na hizo mbili zinafanana herufi kwa herufi. Fedha niliyobakiwa nayo inatosha jozi kama kumi za praima. Ninunue zipi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Pole kwa jeli tupu. Sote tuliopita njia hii tunaijua ile dakika unapowasha taa na kinachong'aa ni ngazi ya vipimo peke yake.

Umeuliza swali moja lakini ndani yake yamo mawili. Karatasi kumi hazikutoa kitu kwa sababu ya hali ya majani. Mbili zilizotoa zinafanana kwa sababu ya jeni uliyochagua. Ukiyachanganya mambo hayo utaendelea kununua na kutupa. Orodha ya praima "zinazokubalika" haijui jani lako lilikaushwaje, wala haijui mimea yako ni ndugu wa karibu kiasi gani. Hayo itabidi uyajue wewe kabla ya kutuma oda.

Tuanze na jani. Chukulia umepewa kanga mia zenye jina moja, zote kuukuu, zote zimechanwa vitambaa vya kufutia vyombo, na kila moja imechanika mahali pake. Unaambiwa usome jina la kanga. Kusoma utaweza, mradi usidai kitambaa kimoja kibebe jina zima. Utaokota vitambaa vyenye herufi tano sita, utatafuta vinavyoingiliana, utaunga. PCR, mbinu ya kunakili DNA, haijui kuunga. Yenyewe inataka kipande ambacho sehemu ya kushikia ya praima ya kushoto na ile ya kulia zipo zote mbili, na katikati hapajakatika. Praima zako za rbcL zinadai kipande cha herufi za DNA kama 600. Majani ya hebariamu mara nyingi yamebaki na vipande vya chini ya 300 au 200, na karatasi zilizoumia zaidi huwa na vipande visivyofika 100. Ulikuwa unadai jina zima kwenye kitambaa cha sufuria.

Watu hudhani ni umri ndio uliokata. Umri unachangia, lakini sehemu kubwa ya uharibifu hutokea siku zile za mwanzo, jani likiwa linakufa ndani ya gazeti. Na Saintpaulia ina jani baya kwa kazi hii: nene, lenye maji, lenye manyoya. Jani jembamba la nyasi hukauka jioni ile ile. Hili lako linaweza kukaa siku kadhaa likiwa nusu hai, na muda wote huo vimeng'enya vyake vyenyewe vinaikatakata DNA. Ongeza hali ya hewa ya Amani, huko juu Usambara Mashariki, ambako hata shati halikauki. Wakusanyaji wa misitu ya mvua walizoea kulowesha magazeti kwa spiriti ili vielelezo visiote ukungu mpaka wafike penye jiko la kukaushia. Mbinu hiyo imeokoa sura za mimea mingi sana na kuharibu DNA yake.

Kwa hiyo kabla ya kufungua tovuti yoyote ya kuuza praima, zipange karatasi zako 38 katika mafungu matatu kwa kuzitazama: majani yenye ukijani, ya kahawia, na meusi yanayovunjika kama kaukau. Usizipange kwa mwaka. Mimi nimewahi kupata herufi 400 kutoka jani la miaka sabini lililokuwa bado na rangi, na kukosa hata 150 kwenye jani la miaka kumi na mbili lililopitia spiriti. Soma pia lebo mpaka mwisho. Mkusanyaji mwaminifu huandika kama alitumia spiriti.

Sasa jeni. Ushauri wa rbcL na matK una chanzo chake: mwaka 2009 kikundi cha kimataifa cha wanabotania kilipendekeza jozi hiyo iwe alama ya pamoja ya kutambulisha mimea ya nchi kavu. Kutambulisha. Hiyo ni kazi ya kitambulisho cha NIDA: nionyeshe jani, nikwambie ni familia gani, jenasi gani, pengine spishi gani. Wewe unataka shajara ya ukoo, tena ya ukoo ambao watoto wake wamezaliwa juzi. rbcL hubadilika polepole mno. Inafaa kuuliza kama familia hii iko karibu na ile, haifai kutenganisha mimea ya mwamba huu na ya mwamba ule ng'ambo ya Sigi. Zile bendi zako mbili zinazofanana hazikukosea, zilikujibu ulichouliza.

Na huu ukoo wako ni mgumu kweli. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa Kijerumani aliyekuwa kazini hapa Tanga, aliupata mmea huu na kuupeleka kwao. Mwaka 1893 Hermann Wendland akauandika rasmi kama Saintpaulia ionantha. Baadaye majina ya spishi yakaongezeka hadi yakafika ishirini hivi, na mwaka 2006 yakapunguzwa, mengi yakawa spishi ndogo ndani ya S. ionantha. Huko kupanda na kushuka kwa majina kunakwambia jinsi mimea yenyewe inavyoingiliana. Möller na Cronk walipotumia ITS, eneo la DNA ya kiini lililo kati ya jeni za ribosomu, mwaka 1997 walionyesha kwamba Saintpaulia nzima imechipuka ndani ya Streptocarpus. Ndiyo maana tangu 2015 imehamishiwa humo, na kwenye lebo mpya utakuta Streptocarpus ionanthus, usishtuke. Lakini walipofika kwenye mimea ya Usambara na ya nyanda za chini, hata ITS, inayobadilika haraka kuliko rbcL kwa mbali, ilikuwa na tofauti chache. Lindqvist na Albert mwaka 1999 wakageukia nafasi iliyo kati ya jeni za 5S, nazo za ribosomu, na wakapata tofauti zaidi. Shida ya 5S ni kwamba nakala zake ni nyingi na hazifanani zote ndani ya mmea mmoja. Kwa jani bichi unaweza kuzitenganisha. Kwa jani jeusi la miaka tisini mimi nisingekutuma huko.

Basi hili ndilo ninalokushauri.

Jozi ya kwanza si ya mti wa nasaba kabisa, ni ya kupima kama jani lina kitu. Nunua g na h za Taberlet na wenzake, za mwaka 2007:

g: GGGCAATCCTGAGCCAA
h: CCATTGAGTCTCTGCACCTATC

Zinashika kitanzi kifupi ndani ya introni (kipande cha katikati) ya jeni trnL, kwenye kloroplasti, chenye herufi kati ya 10 na 143 kutegemea mmea. Kloroplasti zipo kwa makumi ndani ya seli ya jani, kila moja ina nakala zake, kwa hiyo kama kuna DNA yoyote iliyosalia, hapa ndipo itaonekana. Karatasi ikikataa g na h, usiihangaishe kwa praima nyingine. Ama DNA imekwisha, ama kuna kitu kinaizuia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili. Kujua ni lipi, changanya mkrolita moja ya dondoo hilo na DNA nzuri ya mmea mbichi. Nzuri nayo ikikataa, tatizo ni uchafu: punguza dondoo mara kumi kwa maji, ongeza BSA (protini inayokamata uchafu) kwenye mchanganyiko, na safari ijayo weka PVP (inayonasa uchafu wa jani) kwenye CTAB, ule mchanganyiko wa kutolea DNA. Majani yenye rangi ya chai huhitaji hayo karibu kila mara.

Ya pili ni ITS, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa kijana, maabara moja ambayo sitaitaja. Nilichukua karatasi ya miaka ya thelathini, nikaweka praima ITS5 na ITS4, nikapata bendi moja nene ya herufi kama 600, safi kama iliyochorwa kwa rula. Niliwanunulia wenzangu soda. Wiki mbili baadaye mfuatano ukarudi, nikautafuta GenBank (hazina ya mtandaoni ya mifuatano ya DNA), na mmea wangu mpendwa ukageuka Cladosporium. Ukungu. Nilikuwa nimesoma kwa bidii jenomu ya madoa ya kwenye jani.

Mashine haikuwa na kosa. ITS4, ITS5 na dada zao zilitolewa na White na wenzake mwaka 1990, na wao walikuwa watu wa kuvu. Karatasi zetu za pwani na za misitu ya mvua zimekaa na ukungu tangu siku ya kwanza, na ukungu huo ni mpya kuliko jani, DNA yake ni ndefu na nzima. Ukiweka praima inayozipenda pande zote mbili, kuvu atashinda mbio kila siku. Tazama praima ITS3, inayoshika ndani ya jeni ya 5.8S, iliyo katikati ya ITS, ukiilinganisha na herufi za mmea mahali hapo:

ITS3: GCATCGATGAAGAACGCAGC
Mmea: GCATCGATGAAGAACGTAGC

Herufi moja tu, ya nne kutoka mwisho wa kulia. Lakini mwisho wa kulia ndipo polimerasi inapoanzia kuandika. Praima ikilegea mkiani, kazi haianzi. Ikilegea kichwani, inavumilika. Kwa hiyo ITS3 inamshika kuvu kwa mkono mzima na mmea kwa vidole.

Sogea mbele kidogo kwenye jeni hiyo hiyo, utakuta mahali ambapo mimea yenye maua na kuvu wengi wameachana waziwazi:

Mmea: GCGAAATGCGATACTTGGTGTGAATTGCAGAATCC
Kuvu: GCGAAATGCGATAAGTAATGTGAATTGCAGAATTC

Zilaze moja juu ya nyingine kwenye karatasi ya miraba uhesabu mwenyewe. Katikati, CTTGG dhidi ya AGTAA, tofauti nne ndani ya herufi tano. Kuna praima mashuhuri ya mimea inayopita hapo, S2F, iliyopendekezwa na Chen na wenzake mwaka 2010: ATGCGATACTTGGTGTGAAT. Ni nzuri kwa jani bichi. Lakini angalia mkia wake, TGTGAAT: herufi saba za mwisho ni zile zile kwa kuvu. Tofauti zote nne zimekaa kiunoni. Kwa karatasi yenye ukungu mimi ningeirudisha nyuma ili mkia ukalie tofauti zenyewe:

GTAGCRAAATGCGATACTTGG

Mkia sasa ni CTTGG, na kuvu hana pa kushika. Hiyo R maana yake ni A au G: kiwanda kitakuchanganyia praima za aina mbili kwenye kichupa kimoja, kwa kuwa mahali hapo mimea ya familia mbalimbali haikubaliani. Ukishapanga mifuatano ya Saintpaulia kutoka GenBank na kuona yote ina herufi moja, ondoa R uandike herufi hiyo. Praima isiyo na mchanganyiko hufanya kazi vizuri zaidi kwenye DNA chache. Mwenza wake anaweza kuwa S3R ya Chen hao hao: GACGCTTCTCCAGACTACAAT. Hesabu joto lao la kuachana na DNA kwa kanuni ya mkononi, nyuzi 2 kwa kila A au T na 4 kwa kila G au C. S3R ina A na T 11, G na C 10: 22 jumlisha 40, nyuzi 62. Hiyo nyingine inatoka 62 ikiwa R ni G, 60 ikiwa ni A. Zinalingana, zinaweza kukaa chungu kimoja. Kanuni hii ni ya makadirio tu, anza kushikamanisha nyuzi 55 halafu panda au shuka kwa kuangalia jeli.

Kipande hicho kitakuwa na urefu wa herufi kama 400. Fungu lako la kijani litakubali. La kahawia litakataa, kwa hiyo lipe nusu. Chukua mifuatano ya ITS ya Saintpaulia iliyopo, tafuta katikati sehemu mbili za herufi 20 zisizobadilika katika spishi yoyote, tengeneza praima moja kwa kila sehemu: ya sehemu ya kwanza itazame mbele ishirikiane na S3R, ya sehemu ya pili itazame nyuma ishirikiane na ile inayoishia CTTGG. Viache vipande hivyo viwili vipishane herufi 30 au zaidi baada ya kuondoa praima zenyewe, maana mfuatano ulio chini ya praima ni wa kiwandani, si wa mmea. Hilo wanafunzi hulisahau, wakaunga jina la kanga kwa uzi wa dukani.

Kwa nusu ya kwanza ya ITS, ile iliyo kabla ya 5.8S, tumia ITS5, GGAAGTAAAAGTCGTAACAAGG, pamoja na praima ya kurudi iliyorekebishwa kwa mimea: GCTACGTTCTTCATCGATGC. Hii ya pili ni ile White aliyoiita ITS2, ila herufi ya nne nimeweka A badala ya G ili ikubaliane na mmea. (Nani aliyeona busara kuiita praima ITS2 na eneo la jeni nalo ITS2, sijui. Kwenye daftari lako andika "praima ITS2" kila mara, utanishukuru.) Kwenye nusu hii ITS5 bado inamkubali kuvu, kwa hiyo usiiamini mpaka uisome na uilinganishe na GenBank. Ndani ya mfuatano wa nusu ya pili, unaopita kwenye 5.8S, tafuta GAATTGCAGAATCC; nusu ya kwanza huishia kabla ya hapo. Ukiiona, ni mmea wenye maua. Ukikuta GAATTGCAGAATTC, usinunue soda.

ITS ni ngumu kuyeyuka kwa sababu ina G na C nyingi na hujikunja. DMSO, kiowevu cha kulegeza DNA, asilimia 5 husaidia.

Lakini nimeshasema ITS peke yake haitakutenganishia mimea ya Usambara. Unahitaji kitu cha kloroplasti kinachokimbia. Watu wengi watakwambia trnL-F, kwa praima e na f za Taberlet za 1991, na ni kweli karibu kila mmea unazikubali. Nunua kama unataka kulinganisha na kazi za wengine, ila usitegemee tofauti nyingi. psbA-trnH ina tofauti, lakini ina vipande vinavyogeuka kichwa chini miguu juu na misururu ya herufi moja inayorudiwa, ukiipanga sambamba unaweza kuhesabu tukio moja kama matukio kumi. Ningekwenda kwenye nafasi ya rpl32-trnL, ambayo Shaw na wenzake mwaka 2007 waliiweka miongoni mwa zile zenye tofauti nyingi zaidi. Urefu wake ni tatizo, kwa mimea mingi inakaribia herufi elfu moja. Huwezi kuitoa nzima kwenye karatasi, kwa hiyo usijaribu.

Fanya hivi. Pata mimea michache hai, mitano inatosha, iliyo mbali mbali: mmoja wa miamba ya chokaa ya Amboni, mmoja wa kando ya Sigi, wengine kutoka juu Amani. Kibali cha utafiti cha COSTECH na ruhusa ya TFS, wakala wa misitu, kwa hifadhi ya Amani vishughulikie mapema, si wiki ya safari. Jani moja kwa mmea, lichanwe vipande, litumbukizwe kwenye punje za silika, kama zile za kwenye boksi la viatu vipya ila nyingi: uzito wa silika uwe angalau mara kumi ya jani. Kwa hao watano toa nafasi nzima ya rpl32-trnL kwa praima za kawaida, isome yote, ipange. Sasa unaona kwa macho tofauti zimekaa wapi. Pengine kati ya herufi elfu, zenye maana zimelundikana sehemu mbili au tatu. Tengeneza praima zinazozunguka sehemu hizo tu, kila jozi ikamate herufi 150 hadi 220. Hizo ndizo za karatasi. Hakuna haja ya kulipia kusoma herufi mia saba ambazo mimea yote inafanana.

Unapoziandika, kazi ni ile ile ya mkia. Nakutungia mfano: praima yako inaishia GATTCCTAC. Mmea mmoja una GACTCCTAC mahali hapo, utashikika. Mwingine una GATTCCTAT, huyo hutamwona, na utaandika kwenye tasnifu kwamba karatasi yake "haikuwa na DNA". Weka herufi 18 hadi 24, G na C ziwe kati ya asilimia 40 na 60, mkia uishie kwa G au C lakini si tano mfululizo, na ipitishe kwenye programu ya Primer3 kuona kama haijikunji au haishikani na mwenzake. Praima zinazoshikana zenyewe kwa zenyewe hazisumbui sana kwenye DNA nyingi. Kwenye DNA chache hula kila kitu, na bendi ya chini kabisa kwenye jeli utaidhania kipande chako kifupi.

Hesabu ya mkoba basi: jozi moja ya kupima, tatu au nne za ITS, tatu za rpl32-trnL za kwako, na jozi ya kawaida ya kutoa rpl32-trnL nzima kwa mimea mibichi. Hujafika kumi. Zilizobaki zitunze, kwa kuwa angalau jozi moja kati ya ulizobuni itakataa, hilo humpata kila mtu. Zikifika zitakuwa zimekauka chini ya kichupa, hazionekani. Zizungushe kwenye sentrifuji kabla ya kufungua, la sivyo ile chembe inaruka na kifuniko. Namba ya nanomoli iliyo kwenye lebo zidisha mara kumi, upate mkrolita za maji ya kuweka: nanomoli 25, mkrolita 250, una akiba ya mkromola 100. Ya kazi ipunguze mara kumi, igawe kwenye vichupa vidogo.

Mpangilio wa kazi una uzito kuliko unavyofikiri. Karatasi zote zitangulie, majani mabichi baadaye. Bomba moja la PCR ya jani bichi lina nakala mabilioni ya kipande kile kile unachokitafuta kwenye jani kavu. Ukilifungua chumbani, kuanzia siku hiyo kila karatasi "itafanikiwa". Najua nimesema utahitaji mibichi ili kubuni praima. Ndiyo maana DNA ya karatasi itolewe kwanza yote, ihifadhiwe, na mibichi ifanyiwe chumba kingine, hata ikiwa chumba hicho ni cha kuazima. Meza ifutwe kwa jiki iliyozimuliwa. Kila unapotoa DNA ya majani saba, la nane liwe bomba lisilo na jani, ulipitishe hatua zote hadi jeli. Mizunguko ya PCR unaweza kufika 40, si zaidi, na bomba tupu lazima libaki tupu kwenye mizunguko hiyo hiyo.

Usitumie polimerasi ile ya bei kubwa inayojisahihisha. DNA kuukuu ina C zilizogeuka kuwa U, na kimeng'enya hicho kikifika kwenye U kinasimama. Polimerasi ya kawaida, Taq, itapita, lakini itaandika T. Kwa hiyo tofauti yoyote ya T mahali ambapo wengine wana C, ikitokea kwenye karatasi moja tu, irudie kutoka kipande kingine cha jani kabla ya kuipa tawi kwenye mti.

Kuhusu kukata: sentimita moja ya mraba ni nyingi, nusu yake hutosha. Chagua sehemu isiyo na madoa wala gundi. Vaa glavu, kwa sababu karatasi za zamani zilipakwa zebaki na arseniki dhidi ya wadudu. Vipande vilivyomo ndani ya bahasha ya karatasi vinavutia kwa kuwa havihitaji kukata, ila wakati mwingine ni vya mmea mwingine. Acha alama inayosema umekata lini na kwa kazi gani. Vielelezo vya zama za Wajerumani kutoka huku kwetu viliungua kwa wingi Berlin, Machi 1943, na mkusanyo ulioanzishwa Amani mwaka 1902 ulihamia Nairobi mwaka 1950. Karatasi yenye zaidi ya miaka tisini uliyonayo mezani inawezekana haina pacha.

Kuna njia nyingine, ya kusoma vipande vyote bila praima. Mashine za sasa zinasoma herufi 150 kwa mkupuo, urefu ambao jani kuukuu tayari limejikatia lenyewe, na kuna seti ya Angiosperms353, iliyotoka 2019, inayonasa jeni 353 za kiini kwa mimea yote yenye maua. Kwa swali lako la Usambara hiyo ndiyo ingejibu vizuri zaidi, sikufichi. Lakini inahitaji mshirika mwenye mashine na fedha, na ukimwendea ukiwa na matokeo ya g na h kwa karatasi zote 38, pamoja na mafungu yako matatu ya rangi, atakusikiliza kuliko ukimwendea na orodha ya majina.

Anza wiki hii na karatasi sita: mbili za kila fungu, kwa g na h peke yake, na bomba tupu la saba. Ukinitumia picha ya jeli, usikate pembeni. Nataka kuliona hilo la saba.